Kitambaa Chekundu cha Mama Kimya

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, fundi mitambo wa studio yetu anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake rasmi hata mhasibu hulisahau. Sisi tunamwita Mama Kimya, na jina hilo amelitolea jasho.

Alipoajiriwa, shule yetu ya muziki ilikuwa vyumba viwili vilivyoachwa na muuza magodoro. Magodoro mabovu yaliyobaki aliyagongomelea ukutani, akatangaza kwamba hiyo ndiyo studio. Tatizo likawa darasa la ngoma, lililokuwa upande wa pili wa ukuta. Ndipo akatunga sheria yake: kitambaa chekundu kikitundikwa mlangoni, nyumba nzima inanyamaza. Walimu walitii. Hata fundi cherehani wa jirani, ambaye si mwajiriwa wetu, alitii huku akinung'unika.

Kuna mwaka Mama Kimya alikwenda likizo akakisahau kitambaa pale mlangoni. Kutwa nzima wanafunzi wa ngoma walijipiga mapaja, mkuu wa shule alitembea peku, na fundi cherehani akashona kwa mkono. Kesho yake mkuu alijipa moyo akachungulia, akakuta magodoro peke yake. Suruali iliyoshonwa siku hiyo ilitoka na mguu mmoja mfupi, na mpaka leo lawama ni za Mama Kimya.

Kisha simu zikaanza kurekodi, wateja wakatukimbia, na kamati ikaamua studio igeuzwe stoo ya viti. Iliniuma, sembuse yeye. Lakini hakugombana na mtu. Aliomba muhula mmoja tu, akamrekodi kila mwanafunzi wimbo mmoja wa kupeleka nyumbani. Katika wimbo mmoja cherehani inasikika kabisa. Alikataa kuurudia, akasema fundi yule anashika mapigo kuliko wapiga ngoma wetu. Wazazi walisikiliza, wakawasikilizisha majirani, na muhula uliofuata tulikosa nafasi za kuwaweka wanafunzi wapya. Viti vyenyewe hadi leo vimerundikwa koridoni.

Mama Kimya, siku ya kukuaga kitambaa hakitatundikwa. Ngoma zitalia, cherehani italia, na baadhi yetu tutalia. Umetunyamazisha miaka yote hiyo ili tusikike, na tunakushukuru sana. Kapumzike kwa afya na furaha. Ukimya wa nyumbani ukikuchosha, mlango unaujua.