Aliyemchukulia Dawa Nobantu

Kona ya duka la MaRhadebe, kule Mdantsane, Afrika Kusini, ina benchi ambalo zamani lilikuwa la kanisa. Kanisa liliponunua viti vya plastiki, wazee wa kona wakalibeba benchi mabegani huku wakiimba, na tangu hapo hakuna jambo la dunia linalopita bila kuhukumiwa juu yake. Hukaa Sajini, ambaye hajawahi kuwa askari; alilinda mlango wa duka la makochi mpaka akastaafu, ila kwa amri humwezi. Hukaa Betri, ambaye akianza kuongea humzimi. Hukaa Askofu, aliyefukuzwa kwaya kwa sababu ambazo kila mtu anazijua na hakuna anayezitaja. Na mwisho kabisa, upande wa ukuta, hukaa Zwelibanzi, fundi wa ndoo na mabafu, wanayemwita Bati. Asubuhi hiyo redio ya MaRhadebe ilikuwa imetoka kusoma habari ya mfungwa mmoja anayeishtaki jela, na Bati alishika kikombe chake cha kahawa bila kukinywa. Mfungwa huyo alikuwa mtoto wake, na pale kijiweni hakuna aliyejua.

— Mmesikia maajabu? alianza Betri, magwinya, yale maandazi ya mafuta, yakiwa bado mdomoni. Mtu yuko jela ya wanaume, anasema yeye ni mwanamke, na anaidai serikali vidonge vya uanamke!

— Meza kwanza ndiyo uongee, alisema MaRhadebe kutoka dirishani.

— Redio imesema alikuwa anavitumia kabla hajafungwa, Betri aliendelea. Jela wanasema, aliyeingia na dawa yake anaendelea nayo, lakini kama hukuwa nayo nje, humu ndani hatukuanzishii. Sasa wanamwambia athibitishe. Kliniki iliyomwandikia imeshafungwa, makaratasi hayaonekani, shahidi hana. Kesi Alhamisi. Kwisha habari yake.

— Na iishe, alisema Sajini. Mimi mke wangu anangoja miwani mwaka mzima, na yeye yuko uraiani. Huyu kafungwa, anataka apambwe?

— Kafungwa kwa nini hasa? aliuliza Askofu.

— Simu za wizi, alisema Betri. Alinunua akauza.

— Basi ndiye huyo huyo! alisema Askofu. Mwizi wa simu atashindwa kuiba jinsia?

Wakacheka. Bati naye akanyoosha midomo kidogo ili asionekane amenuna, na palepale akajichukia kwa kunyoosha midomo. Wenzake walijua kijana wake yuko Johannesburg, anafunga vioo vya maghorofa. Uongo huo aliutunga mwenyewe, akauongezea kila walipouliza, mpaka sasa mtoto alikuwa amepandishwa cheo.

— Mimi nitawaambieni siri ya hili jambo, alisema Sajini, akisogeza kofia. Huyo ni mjanja. Anataka ahamishiwe upande wa wanawake. Kule kuna mashuka safi, kuna cherehani, hakuna magenge. Akishahamishwa, dawa anatupa.

— Wewe Sajini unafikiri kidogo kidogo, alisema Askofu. Tazama mbali. Jela zimejaa, sivyo? Wafungwa wanapigana, wanaruka kuta. Sasa serikali imekaa chini ikasema, hawa tukiwapa vidonge wote wakawa wapole, askari tutawahitaji wa nini? Huyu wa redioni ni wa kujaribia tu. Mwakani wanatia kwenye uji.

— Kwenye uji! MaRhadebe akagonga kifuniko cha birika. Askofu, hiyo ndiyo sababu walikutoa kwaya.

— Ngojeni, ngojeni! Betri alisimama kabisa. Hamjui kitu nyie. Shemeji yangu anafuga kuku kule Berlin, hii Berlin yetu ya hapa jirani. Anasema kuna vidonge vinauzwa kwa mlango wa nyuma, kuku akila anataga asubuhi na jioni. Vinatoka wapi? Jela! Kwa hiyo jela haikatai kumpa huyo mtu kwa sababu ya sheria. Inakataa kwa sababu ya mayai!

— Na ile sindano, je? Nasikia ni sindano kubwa kama ya ng'ombe, alisema Sajini.

— Si sindano, alisema Bati. Ni vidonge. Viwili asubuhi na kimoja jioni, baada ya chakula.

Bati alisikia masikio yake yakipata moto.

— Umejuaje? aliuliza Sajini.

— Si redio imesema.

— Redio haikusema, alisema Betri. Mimi nimesikiliza neno kwa neno. Haikusema asubuhi wala jioni.

— Basi nimekisia. Dawa gani isiyomezwa asubuhi na jioni?

Sajini alimtazama kwa jicho la mlangoni, lile alilokuwa akiwatazamia watu wanaotoka dukani na makoti mapana. Askofu akaja na swali lake kwa sauti ya upole, akimwita kwa jina la ukoo.

— Mpinga, hivi kijana wako wa Johannesburg, mbona siku hizi humtaji? Krismasi hakuja. Hata simu ya kutusalimu wazee wake?

— Ana kazi nyingi.

— Vioo?

— Vioo.

Akanywa kahawa kwa nguvu ili asiulizwe tena, ikamuunguza ulimi. Alijua kitu ambacho wakili wa mtoto wake alikuwa anakitafuta na hakioni. Pale mtaani, dawa za watu wenye maradhi ya kudumu hufungwa kwenye pakiti na kutolewa katika dirisha la ukumbi, na wazee wana foleni yao fupi. Kwa hiyo kila nyumba humtuma mzee wake: mzee mmoja hubeba pakiti yake na ya jirani na ya mkwe wa jirani, na hakuna anayeuliza ya nani ni ya nini. Bati alikuwa akienda kuchukua dawa yake ya presha na kurudi na pakiti mbili. Ya pili aliiweka juu ya friji. Mtoto akipita aliichukua, anasema asante, tata, yaani baba, na Bati anasema kuna viazi kwenye sufuria. Hawakuwahi kusema zaidi ya hapo. Aliwahi kusoma jina la kike na maelekezo yaliyobandikwa kwenye pakiti, akaelewa, akairudisha juu ya friji, na mwezi uliofuata akaenda tena.

— Mimi nauliza kitu kimoja, alisema Sajini, akiwa bado anamtazama. Huyo mtu ana baba. Baba yake yuko wapi? Mimi ningekuwa baba yake ningehama mji.

— Ningebadilisha jina, alisema Betri.

— Baba wa hivyo hana benchi, alisema Askofu. Atakaa na nani? Atasema nini mbele ya wanaume?

Bati alikuwa anatafuta namna ya kuaga. Alikuwa ameshaweka kikombe chini, ameshasema magoti yanamsumbua leo, mtu mmoja alipovuka barabara na kuja moja kwa moja mpaka kwenye benchi. Alikuwa mwanamume mwembamba wa makamo, koti limempwaya, mkononi ana mfuko wa plastiki wenye nguo. Alivua kofia kabla ya kufungua mdomo.

— Hamjambo, wazee wangu. Naitwa Mbuyiselo. Nimetoka jela juzi, siwafichi. Natafuta mzee mmoja.

— Sema, alisema Sajini, akikaza mgongo.

— Nani kati yenu alikuwa akimchukulia Nobantu dawa kwenye dirisha la ukumbi?

Wakatazamana. Bati alitazama chini.

— Nobantu gani? aliuliza Betri. Nobantu wa kanisani amekufa. Nobantu wa mwalimu ni kachanga, bado ananyonya.

— Huyu ni mtu mzima. Tulikuwa chumba kimoja. Ni yule anayesemwa redioni.

Betri alikaa chini bila kuambiwa.

— Aliniambia baba yake hukaa kwenye benchi la kanisa, kwenye duka la mama anayeuza kahawa, alisema Mbuyiselo. Nimeuliza mabenchi mangapi mpaka nimefika hapa! Yeye hakunituma. Wakili amembembeleza amtaje mtu mmoja tu aliyemwona na dawa hiyo kabla ya jela, amekataa. Anasema, "Baba yangu ana kijiwe chake na wenzake. Sitaki kumharibia."

— Mwenyewe anaendeleaje? aliuliza MaRhadebe. Alikuwa ametoka dukani, amesimama mlangoni.

— Mama, haendelei. Tangu wamkatie dawa hali chakula. Ndevu zimerudi, anajifunika blanketi usoni mchana kutwa, hata jua haendi kuota. Usiku wa kuamkia siku niliyotoka nilimwachia mwenzangu kazi ya kumwangalia, nikamwambia usilale. Naogopa, wazee. Naogopa akishindwa Alhamisi hatafika Ijumaa. Kwa hiyo nauliza tena, nisameheni. Baba yake ni nani hapa?

Kwao hilo jina halikuwa na nyumba. Askofu alikohoa. Mbuyiselo alingoja, akawatazama mmoja mmoja, kisha akavaa kofia yake na kugeuka kwenda barabarani.

Bati alijua kwamba akimwacha avuke, hakuna mtu duniani atakayemlaumu. Ndicho kilichomtisha.

— Kijana, rudi, alisema. Ni mimi.

— Wewe nini? alisema Betri.

— Ni mimi niliyekuwa nachukua. Pakiti mbili, yangu na ya Nobantu. Nobantu ni binti yangu.

Alilisema neno hilo kwa mara ya kwanza, nalo lilitoka zima. Askofu alishika kichwa.

— Mpinga! Ni yule mtoto wako? Yule tuliyemtoa jandoni? Nilikuwepo! Ng'ombe alichinjwa, mimi mwenyewe niliomba, tukampa ushauri wa kiume, tukala mpaka jioni!

— Mlikula. Na aliyewanawisha mikono ndiye huyo huyo yuko chini ya blanketi. Hakuna mtoto mwingine.

— Johannesburg, alisema Sajini taratibu. Vioo.

— Nilidanganya. Niliona aibu mbele yenu, nikamwacha mtoto afe ili mimi ninywe kahawa. Leo naona aibu ya hilo, ile nyingine imekwisha.

Aligeuka akawatazama wote watatu. Pale mtaani mwanamume haendi peke yake kwenye jambo zito. Mtoto wa Sajini aliposhtakiwa kwa kugonga mtu na gari, walikwenda wote na makoti, wakakaa mstari wa mbele. Binti wa Betri alipoposwa, Bati ndiye aliyesema kwa niaba ya nyumba. Mama yake Askofu alipozikwa, Bati alibeba upande wa kichwa. Hawakuwahi kuombwa; mtu hutaja siku, na wenzake huuliza saa ngapi.

— Alhamisi nakwenda mahakamani kusema niliyoyaona, alisema. Nani ananisindikiza?

Betri, ambaye hajawahi kuzimika, alitazama viatu vyake. Askofu akawa anafuta makombo ya magwinya kwenye goti ambalo halikuwa na makombo. Sajini aliivua kofia, akaigeuza ndani, akaitazama kana kwamba imeandikwa kitu, akaivaa tena. Gari moja lilipita, na la pili likapita. Bati aliwangoja kwa muda ambao mtu huwangoja marafiki, kisha akachukua mfuko wa plastiki wa Mbuyiselo amsaidie, na hao wawili wakaondoka kuelekea nyumbani kwake.

Walipokata kona, Sajini alinyoosha kikombe chake dirishani bila kugeuka.

— Kahawa imekwisha, alisema MaRhadebe.

— Imekwishaje, mama? Birika linachemka, naliona.

MaRhadebe alimpokonya kikombe, akamnyang'anya Betri chake, akamnyang'anya na Askofu.

— Nimesema imekwisha.