Mama Mkwe Yuko Bafuni

Benchi liko nje ya kinyozi, pale barabara inapokunja kona, na asubuhi watu wake huwa ni wale wale. Kuna Wembe, kinyozi mwenyewe. Wateja wake wameshajua kwamba akiwa katikati ya hoja wao wakae tu ndani wasubiri, hata kama wamenyolewa upande mmoja. Kuna Gia, dereva mstaafu wa malori, mtu ambaye kwake kila kitu duniani kina injini, ndoa ikiwemo. Kuna Bwana Kesho, mwenye nyumba za kupangisha mtaa wa nyuma. Jina hilo alipewa na wapangaji wake, na akiitwa anaitika bila kinyongo. Na kuna Bi Birika, muuza kahawa, anayewasikiliza kutoka kwenye kigoda chake na haongei mpaka aone kikombe kitupu. Asubuhi hiyo walikuwa wanabishana kama paka huota ndoto, mara Brashi akatokea mbio, kandambili mguu mmoja, povu la sabuni mpaka viwikoni.

— Jamani, nisaidieni! Mama mkwe kafungiwa bafuni!

Wembe akainuka, kitana mkononi.

— Kafungiwa na nani?

— Na mashine ya kufulia!

Wembe akakaa.

— Hebu vuta pumzi kwanza, kaka, — akasema Gia. — Anza mwanzo, maana hapo umeruka gia mbili.

Brashi akavuta pumzi. Yeye ni mchora mabango. Hata yale maandishi mekundu juu ya mlango wa Wembe ni kazi ya mkono wake. Yeye na mkewe wamepanga kwenye nyumba ya Bwana Kesho, nyumba ndogo ya korido moja, na mwisho wa korido, upande wa kulia, ndipo lilipo bafu. Mashine waliikuta humo humo ndani ya nyumba, mwanzo wa korido. Siku ya kuonyeshwa nyumba, Bwana Kesho aliipigapiga mgongoni kama anayeuza ng'ombe, akasema, “Na hii nawaachia, mle raha.” Hakusema kwamba inatembea.

Ikiwa inafua, imetulia kama haijui kitu. Ikianza kukamua, ndipo utaijua: inatetemeka, inaguna, halafu inang'oka ilipo na kushika njia. Mkewe Brashi, ambaye ni mkunga na mwanamke asiyetishika ovyo, alikuwa anaikalia juu mpaka imalize. Majuzi ikamrusha akaangukia kwenye beseni. Tangu siku hiyo msimamo wake ulikuwa mmoja: mashine itengenezwe, la sivyo wahame. Brashi alipeleka taarifa tena kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba akatoa jibu lake la siku zote.

Sasa leo mkewe kaenda kazini, mama mkwe, ambaye yuko kwao kwa matembezi, kaingia kuoga, na Brashi kaona awe mkwe mwema afue mashuka. Akaiwasha, akatoka uani kuchanganya rangi. Kurudi, mashine imeshatembea korido nzima, imejigeuza ubavu, imejibana kati ya ukuta na mlango wa bafu. Na mlango ule unafungukia nje. Akaizima. Akaivuta, wapi. Imejaa maji na mashuka, nzito kama jiwe la kusagia. Kuvunja mlango asingeweza kabisa. Mtu yuko anaoga, tena mtu mwenyewe mama mkwe.

— Sasa yeye anasemaje humo ndani? — akauliza Wembe.

— Anasema, “Baba, usijiumize mgongo. Nenda kaite watu.” Kwa sauti ya upole kabisa! Angenifokea ningejisikia nafuu.

Na hilo ndilo lililomchoma Brashi. Kwenye ukoo ule mzima, mama huyu ndiye aliyemtetea. Siku ya posa wajomba walipouliza kazi ya kuchezea rangi italisha nani, yeye ndiye aliyesema, “Kijana ananyoosha mstari bila rula. Mimi nimempenda.” Mjadala ukafa hapo hapo. Leo kamfungia bafuni.

— Twendeni, — akasema Gia, na kweli akasimama. Wembe naye akasimama, akachomeka kitana mfukoni. Hapo wangeondoka, kazi ingekuwa ya kufumba na kufumbua. Lakini Bwana Kesho alikuwa hajainuka.

— Ngojeni kidogo. Bwana Brashi, umesema mashine yangu imetembea?

— Imetembea, baba mwenye nyumba.

— Mashine haitembei. Mashine inatembezwa. Umeweka nini humo?

— Mashuka.

— Mashuka gani? Ya kawaida, au yale mazito ya maua?

— Ya maua, lakini…

— Haya! — Bwana Kesho akawageukia wenzake. — Mmesikia wenyewe. Mtu anafua bustani nzima, halafu mashine ndiyo mkosaji.

Brashi damu ikamchemka. Miezi yote hiyo amekuwa akimfuata mtu huyu, na leo amempata mbele ya mashahidi. Akasahau kwamba alikuja mbio.

— Mwezi jana tulifua soksi tupu, ikafika jikoni! Soksi, Bwana Kesho! Soksi nazo zina uzito gani?

— Inategemea mwenye soksi, — akasema Wembe.

— Nyie hamjui mashine, — akasema Gia, akakaa tena ili afafanue vizuri. — Hiyo ni injini kama injini nyingine. Nimeendesha lori miaka mingi. Ukiegesha gari mahali pamoja muda mrefu, siku likiwaka linataka barabara. Brashi, ikitembea inaelekea wapi?

— Inaelekea… inashuka na korido.

— Kuelekea mlango wa mbele?

— Hapana, leo imeelekea bafuni. Jikoni ilikwenda siku ile nyingine.

— Inatafuta njia! — Gia akapiga paja. — Imejaribu jikoni, imegonga mwamba. Leo imejaribu bafuni. Siku ukiiachia mlango wa mbele wazi, utaikuta kituo cha mafuta.

— Acha masihara, Gia, mtu yuko bafuni, — akasema Brashi.

— Tunakwenda, tunakwenda. Lakini huwezi kusukuma kitu hujajua kinataka kwenda wapi.

Bi Birika akamwekea Brashi kikombe mkononi. Brashi akakipokea bila kufikiri. Kilikuwa cha moto, na kitu cha moto hakinywewi ukiwa umesimama. Akaegemeza nusu ya kalio kwenye ncha ya benchi.

— Mimi nitawaambia ukweli, — akaanza Wembe kwa ile sauti anayoitumia kuwaambia wateja kwamba nywele zimeanza kupungua. — Hilo ni suala la umeme. Umeme wa mtaa huu unavuta kushoto.

— Unavuta nini?

— Kushoto! Mashine yangu ya kunyolea, ukiishika wima, inakimbilia sikio la kushoto. Mnadhani yule mwalimu aliyelalamika juzi nilimkosea mimi? Umeme huo! Sasa kama kidude cha kiganjani kinavutwa hivyo, pipa zima la maji je?

— Kwa hiyo bafu liko kushoto? — akauliza Gia.

— Liko kulia, — akasema Brashi.

Wembe akafikiri kidogo.

— Kulia ukitazama kutoka wapi?

— Kutoka mlangoni.

— Basi mashine inatazama kutoka ukutani. Kwake ni kushoto.

Hapo hata Bwana Kesho alitikisa kichwa kwa kuridhika, maana umeme si wake. Akainua kikombe, akanywa funda, na ule uso wa kujitetea ukamtoka, ukaingia uso wa mtu mwenye siri.

— Sikutaka kulisema hili, — akasema, — lakini mashine ile ina historia. Niliinunua kwa mama mmoja, mjane, aliyekuwa anahama. Mama yule alikuwa hapendi wageni. Ukimtembelea, anakukaribisha mlangoni na kukuaga hapo hapo mlangoni. Mashine imekaa naye, imeshika tabia.

— Mashine imeshika tabia! — Gia akacheka mpaka kahawa ikampalia.

— Cheka tu. Bwana Brashi, nikuulize. Ilipokwenda jikoni, nyumbani kulikuwa na nani?

Brashi alitaka kusema kwamba hayo ni maneno ya kijinga. Akafungua mdomo. Halafu akakumbuka.

— Kaka yangu, — akasema polepole. — Alikuwa jikoni anakula.

Gia akaacha kucheka.

— Na ilipomrusha mkeo? — akauliza Wembe, sasa kwa kunong'ona.

— Mke wangu si mgeni.

— Lakini palikuwa na mgeni?

— Palikuwa na… subiri. Shoga yake alikuwa amekuja. Alikuwa sebuleni, anamsubiri amalize kukamua waende harusini.

— Mnaona! — akasema Bwana Kesho.

— Hapana, subirini! — Brashi sasa alikuwa amekaa kalio zima, kikombe magotini, kidole hewani. — Haitaki wageni, sawa. Lakini kwa nini inawafuata? Asiyependa mgeni anamkimbia. Hii inakwenda alipo. Mimi naona inawapenda! Ile inakwenda kusalimia!

— Kwa kumzibia mtu mlango?

— Hataki aondoke!

Gia akakubali kwamba hoja ina nguvu, ingawa yeye bado alisimama kwenye kituo cha mafuta. Wembe akasema vyote vinawezekana, umeme ukivuta kushoto na tabia ikivuta kulia, matokeo yake ni kutetemeka, na kweli mashine si inatetemeka? Bwana Kesho akasema kama ni mapenzi, basi si kasoro, na kama si kasoro hakuna cha kutengeneza. Brashi akaruka: mapenzi gani ya kumwangusha mtu kwenye beseni? Kila mmoja akawa anasema, hakuna anayesikiliza. Mteja aliyekuwa ndani kwa Wembe akachungulia, kichwa nusu kimenyolewa, akatoa rai kwamba labda sakafu ina mteremko. Wote wakamwambia anyamaze, hajui historia.

— Hamjambo, wanangu?

Hakuna aliyeijua sauti hiyo ila Brashi, na yeye ilimfanya asimame ghafla hivi kwamba kahawa iliyobaki ikamwagikia kandambili yake moja.

Mama mkwe alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, kanga kichwani, kanga kifuani, gauni safi, uso unang'aa kwa mafuta. Alikuwa na harufu nzuri ya sabuni. Mkononi alishika kandambili ya pili ya Brashi.

— Hatujambo, mama. Shikamoo, mama, — wakaitikia kwa pamoja kama watoto wa shule.

— Marahaba. Hii uliiacha mlangoni, baba. Nikasema mwenzangu atachomwa na mwiba.

Brashi akaipokea kwa mikono miwili.

— Mama… umetokaje?

— Nimeita dirishani. Yule dada jirani yako, mwembamba yule anayefundisha chekechea, akasikia, akaingia kwa mlango wa uani. Kaimwaga maji, katoa mashuka, kaisukuma. Nikatoka. — Akamgeukia Bwana Kesho, ambaye alikuwa ameanza kuchunguza vifungo vya shati lake. — Na wewe ndiye mwenye nyumba?

— Ndiye mimi, mama.

— Mguu mmoja wa mashine yako umelegea, unaning'inia. Tumejaribu kuukaza kwa mkono, unakaza nusu tu. Unataka kubadilishwa.

— Hata mimi, mama, nilikuwa karibu kulisema hilo.

— Basi utakuja na fundi leo, baba, mchana, nikiwepo. Nitawapikia.

Bwana Kesho akatazama kulia na kushoto, hakuona pa kupitia. Akasema ndiyo, mama, leo.

Ilionekana kwamba mama amemaliza, maana aliikaza kanga na kugeuka kuondoka. Halafu akasimama. Akaliangalia benchi lile, kuanzia Gia na mabega yake ya kubebea magurudumu, akaja kwa Wembe, akaja kwa mwenye mashine, mpaka kwa mkwe wake. Hakukasirika. Alionekana mtu anayetaka tu kuelewa.

— Nawauliza, wanangu. Nyie mlikuwa mnangoja nini?

Gia akakohoa. Wembe akakumbuka kitana, akaanza kukitoa nywele moja moja. Bwana Kesho akarudi kwenye vifungo vya shati lake. Brashi, ambaye sekunde chache nyuma alikuwa na maelezo ya kila kitu, aliinamisha kichwa. Akabaki ameshika kandambili kifuani kama kofia. Bi Birika akainuka, akapita akikusanya vikombe, na hata yeye hakumtazama mtu.

Mama akangoja kama anavyongoja mtu aliyeuliza kwa nia njema. Kisha akasema:

— Basi njooni. Mashuka bado yako kwenye beseni.

Wakamfuata kwa mstari mmoja, wanaume wote, na yule mteja wa nusu kichwa nyuma yao kwa kuwa kinyozi wake ameondoka. Huko uani mashine iliwatazama kupitia mlango wazi, imekaa kimya mwisho wa korido. Mama akawapa kila mmoja ncha ya shuka. Gia na Bwana Kesho wakashika moja la maua, Wembe na mteja wake wakashika lingine, wakakamua kwa mikono, maji yakiwatiririkia miguuni. Brashi akapanda ndoo kufunga kamba.

— Kamueni kuelekea kushoto, — akaanza Wembe, — maana nguo ikikamuliwa kulia…

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akamtazama tu.

Wembe akakamua.