Feni au Maji

Kijiwe cha Presha kiko Karatu, pale njia ya Endabash inapoiacha lami, mbele ya banda la matairi, na kiti chake ni kiti cha nyuma cha Landkruza iliyokufa zamani. Mikanda yake bado ipo, ingawa hakuna anayeifunga. Brigita huweka jiko na birika lake upande wa kivulini, na ukitaka kikombe unanyoosha kidole tu, maana ukifungua mdomo pale utaombwa maoni. Jumamosi hiyo ya Agosti vumbi lilikuwa limeshawapanda watu mpaka kwenye nyusi. Mzee Clemensi alikuwa amekaa katikati ya kiti, simu ikiwa gotini, na swali ambalo alitakiwa alijibu kabla ya saa tisa. Wenzake humwita Kreta, kwa sababu ameshusha wageni Ngorongoro miaka ishirini na sita bila kupotea njia hata mara moja. Siku hiyo hakujua ashike njia ipi.

— Hebu soma tena, alisema Martini, fundi matairi, ambaye ndiye Presha mwenyewe.

Clemensi akaisogeza simu mbali na macho, akasoma:

— "Mzee shikamoo, ni Leonce wa dukani Arusha. Kompyuta yako ya gemu iko tayari, bado mambo mawili. Kupoza: feni au maji? Skrini: pana iliyopinda au ndogo yenye kasi? Nijibu kabla ya saa tisa niifungie kwenye basi la jioni. Ukichelewa, vifaa anachukua mteja mwingine."

Kompyuta haikuwa yake. Clemensi hata simu huitumia kama redio ya gari: akipiga anaweka spika, akimaliza anasema "nimekupata". Kompyuta ilikuwa ya binti yake, Marsela, na hapo kijiweni kila mtu aliijua habari hiyo kuliko Clemensi alivyopenda. Marsela alikuwa na kompyuta ya gemu aliyoiunga mwenyewe chuoni, kipande kwa kipande. Krismasi iliyopita alikuja nayo kutoka Dodoma anakofanya kazi. Baba yake akaiona ilivyojaa vumbi, akaingiwa na huruma. Asubuhi, binti akiwa kanisani, akaibeba mpaka kwa Martini, akaomba ipulizwe kwa kompresa, kama dereva yeyote wa safari anavyopuliza chujio la hewa akitoka porini. Martini akapuliza kwa moyo wote. Sasa, tangi la kompresa lisipomwagwa hukusanya maji ndani, na la Martini halikuwa limemwagwa tangu linunuliwe. Upepo ukatoka na maji yake. Kompyuta haikuwaka tena. Naye Clemensi, aliyekuwa anaondoka siku ile ile na wageni kwa siku kumi, alimwambia mwanawe neno moja tu, akiwa tayari ameshika usukani: "Itakauka."

Marsela akarudi Dodoma. Pasaka hakuja. Ubatizo wa mtoto wa dada yake hakuja. Kila Jumapili humwandikia baba yake, "Shikamoo baba, mimi mzima," naye hujibu, "Marahaba, nami mzima," basi, hayo ndiyo maongezi yao ya wiki. Clemensi alikuwa amekata shauri kumjengea nyingine aiweke chumbani kwake, na alikuwa na hofu kwamba akikosea na hii, mtoto hatakanyaga tena Karatu. Mama Marsela alishamwambia kwamba mtoto hana hasira na kompyuta. Clemensi alimwelewa vizuri, lakini kompyuta ndiyo kitu alichoweza kununua.

— Maji, alisema Martini. Hakuna mjadala hapo. Maji.

Hakuna aliyemuuliza kwa nini mtu anayeishi kwa kuuza upepo hauamini tena.

— Gari linapozwa na nini? aliendelea. Maji. Lina rejeta, lina pampu. Pikipiki je? Upepo. Sasa mzee Kreta, wewe kule kreta unashuka na pikipiki?

— Pikipiki haziruhusiwi, alisema Clemensi.

— Umeona! Hata getini wanajua.

— Kwenye pampu hapo uniachie mimi, alisema Hhando.

Hhando analima vitunguu kule Baray, na jina lake la kijiweni ni Pampu, kwa sababu anazo tatu na hazijawahi kufanya kazi zote siku moja.

— Pampu ina roho mbaya, alisema. Haifi mvua ikinyesha. Inakufa kitunguu kikiwa na kiu. Mtoto atakuwa katikati ya gemu lake, anakaribia kushinda, inakata. Maji yanachemka humo humo ndani. Halafu maji yenyewe ya wapi? Ya hapa? Hebu chunguza birika la Brigita kwa ndani.

Brigita akalifunika.

— Birika langu limefanya nini?

— Lina ukoko mweupe, mama. Na hilo ni la juzi tu. Kompyuta itafanya mawe kama figo.

— Hawatii maji ya bomba, wanatia kulanti, alisema Martini. Ya kijani.

— Umeiona?

— Sijaiona. Ila ni ya kijani.

Clemensi akaandika "maji", akafuta. Akaandika "feni", akafuta. Ilikuwa saa nane kasorobo.

Hapo akaingia dada mmoja, anasukuma tairi la gari kwa mkono kama mtu aliyezoea kusukuma vitu mwenyewe. Alikuwa Nasha, daktari wa mifugo, gari lake limekaa juu ya jeki barabarani.

— Shikamooni wazee. Fundi ni nani?

— Ni mimi, alisema Martini. Lilaze hapo, daktari, ukae kidogo. Feni au maji?

— Ya kunywa?

— Ya kupoza kompyuta.

— Mimi naenda Piyaya, ng'ambo ya hifadhi, alisema Nasha. Nataka nipite getini mapema.

— Utapita. Tunamalizia.

Nasha akakaa. Brigita akampa kikombe, naye akasema "ashe", yaani asante kwa Kimaasai, akaanza kupuliza kahawa yake, huku Martini akimweleza mambo yote tangu Krismasi, isipokuwa habari ya tangi.

— Mimi ninyi wote nawashangaa, alisema Hhando. Kwa nini upoze kitu katika mji uliokwisha kupoa? Mwezi huu nalala na mablanketi matatu. Kreta, ipeleke juu Oldeani kwa shemeji yako, iwekwe dirishani. Skrini ibaki huku.

— Na waya?

— Wa umeme ulifikaje?

Wakanywa kahawa.

— Au uchimbe, aliongeza Hhando, aliyekuwa ameanza kunogewa. Nyumba ya babu yangu ilichimbwa ndani ya kilima. Ng'ombe anapita juu ya paa hajui kama ni paa. Jua la saa nane liko nje, ndani kama kisimani. Babu hakuwahi kutoka jasho mle. Kompyuta inataka nini zaidi ya hapo?

— Kwani waliichimba ipoe? aliuliza Brigita.

— Waliichimba isionekane, alisema Hhando, akimgeukia Nasha kwa adabu. Babu zake huyu walikuwa wanakuja kuchukua ng'ombe wetu.

— Na tulikuwa tunawaona, alisema Nasha. Moshi ulikuwa unatoka ardhini.

Brigita akacheka mpaka akashika birika. Hhando akakubali kwa kichwa, akaliacha shimo.

— Haya, tutoke kwenye kupoza, alisema Clemensi. Skrini.

— Iliyopinda usiiguse, alisema Hhando. Hiyo ilianikwa vibaya. Mimi nimeanika mbao, najua kitu kikipinda. Wanatafuta mzee wa shamba wamtupie.

— Labda wana maana yao, alisema Clemensi polepole. Ukisimama pale ukingoni, kreta haiko mbele yako peke yake. Iko kulia, iko kushoto, imekuzunguka. Labda wameipinda ili iwe hivyo.

Alimkumbuka Marsela wa miaka saba, amesimama pale ukingoni amenyoosha mikono yote miwili, analalamika kwamba haifiki mwisho. Aliomba wakae kidogo. Clemensi alikuwa na haraka ya kwenda kupokea wageni, wakaondoka. Ndiyo mara pekee aliyowahi kumpeleka, kwa maana siku nyingine zote kiti kilikuwa cha mgeni. Akaomba kikombe kingine.

— Ndogo yenye kasi, alisema Martini. Inatoa picha mia na arobaini na nne kwa sekunde moja.

— Jicho gani la kuziona zote hizo? aliuliza Hhando.

— Nilikuwa na mgeni, alisema Clemensi, alipiga picha elfu moja za simba mmoja aliyelala. Jioni akanionyesha zote. Ilikuwa picha moja.

— Sasa kasi ya nini?

— Labda simba akiamka.

Wakalipima hilo. Martini, aliyeona muda unakwenda na yeye bado hajashinda, akasimama kabisa.

— Sikilizeni. Tunafunga maji, lakini si ya kwenye kijirejeta cha dukani. Tunaunga bomba kwenye tangi la maji la nyumba, lile la juu. Lita elfu! Halafu tunaweka bomba la kuvutia hewa kama la magari ya safari, linapanda mpaka juu ya paa, juu ya vumbi. Maji yanaingia baridi, yanatoka moto. Binti anacheza gemu chumbani, mama yake anaoga maji ya moto bafuni.

— Na asipocheza? aliuliza Brigita.

— Mama asubiri.

— Akicheza sana je? aliuliza Hhando, ambaye alikuwa amesahau kwamba anapinga maji. Si yatachemka? Tunatoa bomba lingine jikoni. Tunachemshia chai.

— Hapo sasa mnagusa kazi yangu, alisema Brigita.

Simu ya Clemensi ikalia. Leonce alikuwa ameandika neno moja: "Mzee?" Saa nane na dakika arobaini. Clemensi akawatazama wenzake mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba katika mashine yao Marsela amekuwa kuni.

— Samahani wazee, alisema Nasha. Huyo binti ana simu?

— Anayo.

— Na namba yake unayo?

— Ninayo.

— Sasa kwa nini usimuulize yeye?

Martini akaanza kulikagua tairi la Nasha kwa makini, kama ndiyo kwanza analiona. Hhando akatazama ndani ya kikombe chake, hakukuta kitu. Brigita akalitikisa birika, akalirudisha jikoni.

— Kahawa imeisha, alisema, ingawa hakuna aliyekuwa ameomba.

Clemensi jibu alikuwa nalo, na jibu lilikuwa aibu. Miezi minane hakupiga kwa sababu aliogopa mtoto asije akakataa kupokea, na aliogopa zaidi asije akapokea halafu yeye akakosa neno. Akaitafuta namba, akapiga, na kwa mazoea akaweka spika.

— Shikamoo baba. Kuna nini? Mama mzima?

— Marahaba. Mzima. Wote wazima.

Hhando alimfanyia ishara ya mkono kwamba aendelee.

— Feni au maji? alisema Clemensi.

— Baba?

— Kompyuta ya gemu. Inapozwa kwa feni au kwa maji?

— Kompyuta ya nani?

Clemensi akaitazama kompresa ya Martini, imekaa pale pale ilipokuwa siku ile.

— Ile nyingine haikukauka, mama.

Gari la watalii likapita, likawafunika wote kwa vumbi, na hakuna aliyekohoa.

— Najua, baba.

— Nilikuharibia kitu chako, halafu nikakuambia itakauka, nikaondoka. Nilitakiwa nishuke kwenye gari. Sikushuka. Nisamehe, mama.

Brigita alikuwa ameshika kitambaa cha birika kwa mikono miwili.

— Feni, alisema Marsela. Karatu kuna baridi, baba, feni nzuri mbili zinatosha. Skrini usinunue.

— Nisinunue?

— Niachie mimi. Tutakwenda Arusha tuichague wote. Utaendesha wewe.

— Lini?

— Ijumaa naomba likizo. Jumamosi niko nyumbani.

— Nimekupata, alisema Clemensi, lakini hakukata.

— Na baba, ikijaa vumbi nitakuja kuisafisha mwenyewe. Kwa brashi. Anko Presha asiisogelee.

— Yuko hapa, anakusikia.

— Shikamoo, anko Presha.

— Marahaba, alisema Martini, akiliambia tairi.

Clemensi akamwandikia Leonce: "Feni. Skrini ngoja, tunakuja wawili." Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano. Kisha akalia kidogo, mbele za watu, na hakusingizia vumbi. Hhando akamshika bega, akaanza kumwambia kwamba hata hivyo yeye tangu mwanzo alikuwa upande wa feni.

— Sasa fundi, alisema Nasha, tairi langu.

Martini akainuka, akalibeba mpaka kwenye kompresa. Kabla ya kuiwasha alipiga goti, akafungua koki iliyo chini ya tangi. Maji mekundu ya kutu yakatoka kwa nguvu, yakachuruzika mpaka njiani, yakapungua, yakawa matone. Nasha akatazama saa. Martini alibaki amepiga goti mpaka tone la mwisho likaanguka, ndipo akafunga koki na kuliomba radhi tairi kwa kulichelewesha.