Fundi Milimita na Kuta Zisizonyooka

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, seremala wetu mkuu, Fundi Milimita, anastaafu. Nimemsimamia kwa miaka kumi na minne, na nakiri bila kuficha: amenichosha.

Wengine hukata ubao, wakausukuma ukutani, na mwanya ukibaki wakauziba kwa gundi na vumbi la mbao. Yeye, katu. Aliusimamisha ubao, akaburuta penseli kufuata kila kibonyeo na kila kivimbe cha ukuta, akauranda, akaujaribu, akautoa, akauranda tena. Mteja anasubiri, gari linasubiri, mimi nasubiri. Ukimharakisha, anakujibu kwa upole kwamba hata waashi wa ukuta ule walikuwa na haraka.

Jikoni kwangu alifunga kabati moja kwa siku nne. Mke wangu alipikia uani siku zote hizo, kisha akamsifu yeye na kuninunia mimi.

Mwaka juzi tulitengeneza rafu za maktaba ya shule moja ya msingi. Alhamisi ubao wa pembeni ulikaa ukutani hata karatasi haipiti. Jumatatu tulikuta penseli inapita. Nilimfokea mbele ya mafundi wote: maringo ya miaka yote hiyo, na leo amekata ovyo! Alichukua kadibodi aliyochorea mstari wa ukuta siku ya kwanza, akailinganisha na ubao, akanigeukia.

"Ubao ni uleule," alisema. "Ukuta ndio umehama."

Mwalimu mkuu hakutaka kusikia; Jumatano watoto walikuwa wafanyie mtihani humo maktabani. Nami, kwa aibu yangu, nilimuunga mkono. Fundi aliketi mlangoni juu ya sanduku lake la vifaa, akakataa kunyanyuka mpaka madawati yahamishwe. Yakahamishwa, kwa manung'uniko. Jumatano asubuhi ukuta ule ulianguka wote juu ya sakafu tupu. Watoto walikuwa ng'ambo ya uwanja, wanaandika.

Nilimfuata karakanani kumwomba radhi. Alinisikiliza huku akiranda, kisha akaniomba nimshikie ubao upande wa pili. Niliushika hadi adhuhuri.

Mzee wetu, asante kwa kutuchosha. Mungu akujalie afya na mapumziko marefu. Mama watoto wako ameshatuonya kwamba hataki kuona msumeno jikoni kwake. Tumemwombea subira.