Njia ya Pangoni Haikubomoka

Sogeeni karibu wanangu, na lile dirisha la barabarani lifungeni, maana sauti yangu haishindani tena na pikipiki. Nyumba hii ya wageni nawaachia nyote, msiiuze, na kifungua mimba asijifanye meneja kwa sababu tu ndiye anayejua kuziba bomba.

Lakini chumba kinachotazama bahari si chenu. Ni cha mama yenu mdogo.

Msinune, sikilizeni. Wageni walikuja huku kwa mambo mawili: huu mnara wa taa ulio jirani yetu, na lile pango la ng'ambo ya kilima lenye maji ya kijani ndani. Mdogo wangu alipoachwa na mumewe alijenga banda mdomoni mwa pango, viti vinne na birika, akawa anawachemshia wageni chai. Wakirudi kwangu jioni walimsifu yeye, chai yake, kicheko chake. Vitanda nilivyowatandikia hakuna aliyevisifu. Wivu ukaniingia kama mchwa, kimya kimya, hata siku moja mgeni akaniuliza njia ya pangoni nikamjibu, "Imebomoka, mvua imeichukua." Wanasema njia ya mwongo ni fupi, yangu niliitembea miaka sita.

Mdogo wangu akaja kuniuliza, miguu imejaa vumbi, "Dada, wageni wamekwenda wapi?"

Nikamwambia, "Mwaka mbaya, mdogo wangu. Hata mimi nalia."

Akanipa pole. Mimi. Kisha akafunga banda, akaenda mjini kufua nguo za watu hadi vidole vikapinda. Tangu niugue amerudi, ndiye anayenigeuza kitandani kwa vidole hivyohivyo, nami kila asubuhi nameza neno hili pamoja na dawa. Majuto ni mjukuu, na wangu nimempakata mpaka magoti yamekufa ganzi.

Ifyekeni njia ile, mweke na kibao pale njia panda. Nizikeni bila makuu. Akiondoka mmoja wenu kwa hasira, mfuateni siku hiyohiyo, msingoje kuugua. Mungu awafungulie kila nilipofunga mimi, awape... nipeni maji kidogo.

Basi. Yatosha.

Sitaki mje kumwambia ninyi nikishakufa. Yuko uani, anaanika shuka zangu. Mwiteni. Akishaingia, tokeni, mtuache.