Fomu ya "Niko Fiti"

KARIBU

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu, mama, karibu karakanani. Tumezoea kukuona kwenye picha pale ofisini, kwa hiyo utusamehe tukikukodolea macho.

TULIKOTOKA

Sisi ni madereva thelathini na wanane wa malori ya saruji. Mwaka juzi mwalimu wa usalama alituuliza nani kati yetu anaendesha vizuri kuliko wenzake. Mikono thelathini na minane ikanyooka. Tulicheka sana siku ile.

MAFANIKIO

Msimu huu hakuna mzigo uliochelewa. Tungependa kujisifu, lakini roho inatusuta.

TATIZO

Kila asubuhi, kabla ya kupewa ufunguo, dereva anasaini fomu yenye sentensi moja: "Niko fiti." Asiyesaini anarudishwa nyumbani na kuandikiwa utoro. Basi wote tuko fiti siku zote, hata wenye homa.

Mwenzetu tunayemwita Betri aliuguza mkewe hospitalini siku tatu. Alipofika kusaini alisema, "Jamani, macho yananiuma, sijalala." Tukamtania: "Betri nawe unaisha chaji? Kunywa kahawa, twende!" Maneno hayo tuliyasema sisi, mama, si wewe.

Akasaini. Saa sita mchana, barabara kavu, imenyooka, kope zikajifumba sekunde nne. Kwa mwendo ule, lori lilikwenda mita tisini bila dereva. Pembeni kulikuwa na mama mshonaji akikokota baiskeli yake. Hakupona. Betri yuko rumande, na sahihi yake ndiyo ushahidi. Tunamlilia yule mama, na tunaona aibu.

MAOMBI

Tunaomba fomu iongezwe sentensi ya pili: "Leo siwezi." Atakayeichagua asiandikiwe utoro. Sisi tutakwenda kortini kusema tulivyomcheka Betri. Tunaomba nawe uende, ueleze fomu ile ilivyokuwa.

La mwisho, mwenyewe ametukataza kulisema. Dereva aliyekuleta leo, mwendo wa saa sita, tumemuuliza kama amelala. Akasema tangu juzi hajapata usingizi wa maana, lakini asubuhi alisaini. Tumemtandikia godoro stoo, na sasa hivi anakoroma. Tafadhali usimwandikie kosa. Tunakuomba umsubiri aamke.

Mungu akufikishe salama kwa wanao, na yeye kwa wake.

Ni sisi,
Madereva wa malori ya saruji.