Jina la Saluni

Niliketi nyuma yao kwenye basi: msusi aliyekumbatia mkoba kama amebeba mayai, na mzee aliyemkuta tu hapo kitini.

“Eti baba, kusajili jina la biashara wanataka nini hasa?” aliuliza msusi.

“Kitambulisho, anwani, na jina lisilofanana na la mtu mwingine. Mwenzio akikuwahi, ndiyo basi tena.”

“Hapo hawanipati. Kibao nimeshachoresha, nimekificha uvunguni. Hata wifi yangu hajakiona.”

“Umefanya la maana, mwanangu. Unaiitaje hiyo saluni?”

Msusi akalitaja jina kwa fahari, likafika mpaka viti vya nyuma. Lilikuwa jina zuri, nakiri.

“Tamu kweli hilo,” mzee akasema. “Na mimi naenda hapohapo, kumsajilia binti yangu saluni.”

Msusi akamgeukia. “Yake... inaitwaje?”

“Ndiyo tunahangaika. Jina hatujapata.”

Basi likasimama mbele ya ofisi. Wakainuka pamoja, msusi akiruka miguu ya watu bila hata kuomba radhi. Jina lenyewe sitaliandika hapa, maana sijui nani alifika dirishani kwanza.